Nyota tatu si hukumu: alama tunazowapa watoto wetu

SEHEMU YA 1: Swali moja, watu watatu



Tulimaliza mada ya kunyonyesha na nikaahidi tungeingia kwenye homa za usiku. Homa itasubiri kidogo. Ndani ya wiki mbili hizi nimeulizwa swali moja na watu watatu, kila mmoja kwa namna yake.

Wa kwanza ni mama mmoja aliyeleta mtoto wake mdogo kliniki. Wakati nampima, akaniambia habari za mkubwa wake wa miaka kumi na mitano. Kuna bwana amemwona anacheza kwenye uwanja wa shule, akasema kijana ni "wa kimataifa", na kwamba ana klabu Ulaya inayomhitaji. Kinachotakiwa ni shilingi 1,800,000 za vipimo na pasi ya kusafiria. Nyumbani kuna ng'ombe wawili wa kuuza. Akaniuliza, "Nesi, wewe umesoma. Niuze?"

Wa pili ni dada yangu aliyeko Marekani. Mwanawe anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti. Kule watoto wa sekondari wanapewa nyota, moja mpaka tano, na wa kwetu amepewa tatu. Dada alinitumia sauti ya dakika saba, na mwisho wa sauti akawa analia. "Mdogo wangu, nyota tatu ndiyo basi tena?"

Wa tatu ni kijana wangu mwenyewe, darasa la sita. Shule ilichagua timu ya kwenda ngazi ya kata kwa ajili ya UMITASHUMTA, yeye hakuchaguliwa. Mwenzake wa dawati moja amechaguliwa. Alirudi nyumbani, akavua daluga, akazitupa nyuma ya banda la kuku. Usiku akaniuliza, "Mama, kumbe mimi sijui mpira?"

Mnaona? Swali ni moja: alama aliyopewa mtoto leo inatuambia nini kuhusu kesho yake?

Mimi kazi yangu ni kutoa alama. Natoa alama kwa mtoto kabla hajamaliza dakika moja duniani. Kwa hiyo hili naomba tuliongee taratibu.

SEHEMU YA 2: Nyota za Marekani

Tuanze na dada, maana kule wameligeuza kuwa kazi kabisa.

Mtoto wa dada anacheza nafasi inaitwa lainibeka. Kwa sisi watu wa soka, mfikirie kiungo mkabaji. Anasimama nyuma ya ukuta wa kwanza wa walinzi, anasoma mpira unaelekea wapi, halafu anakimbia kumwangusha aliyeubeba. Anatakiwa awe na nguvu ya kugongana na majitu, mbio za kumfukuza mwepesi, na kichwa cha kuona jambo kabla halijatokea. Vitu vitatu kwa mtu mmoja.

Kuna tovuti kama 247Sports, Rivals na ESPN ambazo kazi yao ni kuwatazama vijana hawa na kuwapa nyota. Nyota tano ni juu kabisa, wanaozipata ni wachache sana kila mwaka kwa nchi nzima. Vyuo vikuu vinawagombea kwa ufadhili wa masomo. Kwa mzazi mhamiaji anayefanya zamu mbili, ufadhili ule ni ada ya chuo yote. Ndiyo maana dada analia. Mchezo wenyewe ni sehemu ndogo ya kilio chake.

Je, nyota zinasema kweli? Nilikaa kuzifuatilia, na jibu langu ni hili: kwa kundi zinasema kweli, kwa mtoto mmoja zinayumba.

Micah Parsons alikuwa nyota tano. Akaenda Penn State, mwaka 2021 akachukuliwa na Dallas Cowboys raundi ya kwanza, na mwaka huohuo akawa mlinzi bora kati ya wachezaji wapya wa ligi ya NFL. Nyota zilimwona vizuri.

Luke Kuechly alikuwa nyota tatu, sawa na mtoto wetu. Akaenda Boston College. Mwaka 2012 alichaguliwa wa tisa, mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa ligi nzima.

Khalil Mack alikuwa nyota mbili. Mbili, mama zangu! Huyu alikuwa mtu wa basketi kwanza, akaumia goti, akaingia mpira akiwa amechelewa. Vyuo vikubwa havikumhangaikia, akaenda chuo cha Buffalo. Mwaka 2014 akachaguliwa wa tano nchi nzima, na mwaka 2016 naye akawa mlinzi bora wa ligi.

Sasa usikimbilie kusema nyota ni uongo. Sikia hesabu, na hii ni ya mfano tu, ya kujifunzia. Tuseme kuna vijana 30 wa nyota tano na 15 kati yao wanafika mbali. Hiyo ni nusu. Tuseme kuna vijana 1,000 wa nyota tatu na wanaofika mbali ni 60. Ukimshika mtoto mmojammoja, wa nyota tano ana nafasi kubwa zaidi, kubwa sana. Lakini ukiingia kwenye chumba cha waliofika mbali, utakuta nyota tatu ni 60 na nyota tano ni 15. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Hili sisi wa wodi ya wazazi tunalijua kwa uchungu. Zamani wajawazito waligawanywa: huyu yuko hatarini, huyu hana shida. Ikaja kuonekana kwamba kina mama wengi waliopata matatizo makubwa wakati wa kujifungua walitoka kwenye lile kundi la "hana shida", kwa sababu ndilo kundi kubwa. Ndiyo maana leo hatukwambii "wewe una nyonga pana, jifungulie tu nyumbani". Tunasema kila mjamzito aje kituoni. Alama inatusaidia kupanga nani tumwangalie kwa karibu zaidi. Haitupi ruhusa ya kumwacha mwingine.

Kwa lainibeka kuna ugumu wa ziada. Mbio unaweza kuzipima kwa saa, kimo kwa tepu, uzito kwa mizani. Kile kichwa cha kuona jambo kabla halijatokea hakina mizani. Na wengi wanabadilishwa nafasi wakifika chuo. Parsons mwenyewe sekondari alicheza zaidi mstari wa mbele, chuo ndiko akawa lainibeka. Unampa kijana nyota za kazi moja, halafu anakwenda kufanya nyingine.

SEHEMU YA 3: Wa kwetu waliopimwa

Tukimaliza ya wenzetu tuje nyumbani.

Suleiman Nyambui ni wa hapahapa Mara, mzaliwa wa Majita. Huyu alikimbia kwa chuo kikuu cha Marekani, kile cha Texas kilichoko El Paso, akiwa mtu mzima wa miaka ya ishirini na kitu, si kitoto cha sekondari. Akashinda mbio za mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya hapo, 1980, akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Miaka ya 1987 na 1988 akashinda marathoni ya Berlin. Angehesabiwa kwa alichokuwa nacho akiwa na miaka kumi na mitano, nani angejua?

Hasheem Thabeet ni mfano wa upande wa pili, na namtaja kwa heshima maana ametupeleka mahali ambapo Mtanzania hakuwahi kufika. Kijana wa Dar es Salaam, kimo zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, alianza basketi akiwa na miaka kama kumi na mitano. Akaenda chuo cha Connecticut, akang'ara kwenye ulinzi. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika vijana wote waliokuwa wanaingia NBA. Wa pili! Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Leo kila mtu anajua Harden na Curry wamefanya nini, na Thabeet alipata nafasi finyu, akazunguka timu nne, msimu wa 2013/14 ukawa wa mwisho kwake NBA.

Watu wanamcheka mitandaoni. Mimi sicheki. Waliompima ni wataalamu wenye pesa, kompyuta na madaktari, wakiwa na miaka mitatu ya mechi zake za chuo mbele yao. Na bado wakaona kimo vizuri kuliko walivyoiona kesho. Kama wao walipishana na kesho, mwalimu wa michezo mwenye filimbi na dakika arobaini za kuchagua watoto kumi na wanane utamlaumu nini?

Halafu kuna Daniel Adongo wa Kenya. Alikuwa mchezaji wa raga, hakuwahi kucheza mpira wa Kimarekani hata siku moja, hana chuo, hana nyota hata nusu. Mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsajili, na nafasi waliyompa ni hiyohiyo ya mtoto wetu, lainibeka. Desemba ya mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakudumu sana kwenye ligi. Lakini lango alilopita halikuwepo kwenye ramani ya nyota.

Na Mbwana Samatta mnamjua. African Lyon, kisha Simba, kisha mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi wakamchukua baada ya kumwona akicheza dhidi yao. Alikaa Kongo karibu miaka mitano. Mwaka 2015 akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk ya Ubelgiji. Aston Villa alifika Januari 2020, ana miaka 27, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Ukitazama miaka hiyo utaona ngazi. Kila ngazi aliikanyaga kabla ya kupanda inayofuata. Hakuna aliyemtoa uwanja wa shule akiwa na miaka kumi na mitano akamtupa Ulaya.

SEHEMU YA 4: Mwili haufuati kalenda ya shule

Hapa naongea kama muuguzi, tulieni.

Mtoto akizaliwa tunampa alama ya Apgar, mpango uliobuniwa na daktari Virginia Apgar wa Marekani mwaka 1952. Tunaangalia rangi, mapigo ya moyo, anavyoitikia akiguswa, ulegevu wa misuli na upumuaji. Kila kimoja sifuri mpaka mbili, jumla kumi. Tunapima dakika ya kwanza, tunapima tena dakika ya tano. Kuna mama anaona kwenye karatasi mtoto wake ana 6, anaondoka na huzuni akidhani mtoto hatakuwa na akili. Hapana mama. Alama ile inatuambia mtoto yuko hali gani sasa hivi na anahitaji msaada gani sasa hivi. Haikutengenezwa kutabiri darasa la saba.

Kadi ya kliniki ni hivyohivyo. Nukta moja ya uzito hainiambii mengi. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda kila mwezi simwogopi. Mtoto mnene ambaye mstari umelala miezi mitatu, huyo ndiye nasimama kumuuliza mama anakula nini, ameumwa lini. Nukta inaonyesha yuko wapi. Mstari unaonyesha anakwenda wapi.

Sasa njoo kwenye mpira. Mvulana anaweza kuanza kubalehe akiwa na miaka tisa, mwingine kumi na minne, na wote wawili ni wazima kabisa. Kasi kubwa ya kurefuka kwa wavulana wengi inakuja kwenye miaka kumi na minne hivi, kwa wasichana kama miaka kumi na miwili. Kwa hiyo darasa la sita unaweza kuwa na vijana wawili wa umri mmoja, mmoja ana mwili wa mtu na mwingine ana mwili wa mtoto. Mwalimu akichagua timu atamchukua nani? Mwenye mwili. Anashinda mipira ya juu, anapiga mbali. Mwalimu hajakosea kwa mechi ya Jumamosi. Ila mechi ya Jumamosi si ya miaka kumi ijayo.

Na hata miezi ina maana. Tangu miaka ya 1980 watafiti walioangalia timu za vijana, kuanzia hoki ya Kanada mpaka soka la Ulaya, wamekuta waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa uchaguzi wamejaa kwenye timu kuliko waliozaliwa mwishoni. Wa Januari amemtangulia wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua, halafu tunaita hiyo tofauti kipaji.

Hapa kwetu tunaongeza na tatizo letu: kupunguza umri. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yenye jina la mbuga yetu, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Tangu 2009 FIFA wanapiga picha ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana hao, wanaangalia sehemu ya mfupa inayokua kama imeshafunga. Karatasi inaweza kudanganya, mfupa ni mgumu kuushawishi. Tafadhali, cheti cha kuzaliwa cha RITA kiandikwe tarehe ya kweli. Ukimpunguzia mwanao miaka miwili, unamnyang'anya mtoto wa mwenzako nafasi, na wako unamjengea nyumba juu ya mchanga.

Kwa wasichana jambo hili ni zito zaidi. Binti wa miaka kumi alikuwa anawakimbiza wavulana wote. Akifika kumi na mitatu nyonga zinapanuka, uzito unabadilika, mbio zinapungua kwa muda. Hachaguliwi tena. Kwingine wangesema apumzike, mwili utazoea. Huku kwetu ukiondolewa kwenye timu, kuna mahali watu wanaanza kusema umekua, wanaanza kuhesabu ng'ombe. Kwa hiyo neno "hukuchaguliwa" kwa binti wa Serengeti na Tarime linaweza kufunga milango mingine kabisa. Mama, usikubali lifunge. Arudi darasani, arudi uwanjani.

SEHEMU YA 5: Tunafanyaje sasa

Yule mama wa kliniki sikumwambia uza wala usiuze. Nilimpa maswali ya kumuuliza yule bwana, na nawapa na nyie.

1. Leseni yako ya uwakala ya FIFA iko wapi? Wakala wa kweli anayo na haoni aibu kuionyesha.

2. Klabu inaitwaje, na barua yake iko wapi? Ipeleke kwa viongozi wa mpira wa wilaya au mkoa waisome.

3. Kijana ana miaka 15, atahamaje? Sheria ya FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama familia kuhama kwa shughuli zisizo za mpira. "Nimempenda uwanjani" haimo humo.

4. Kwa nini mimi ndiye nilipe? Anayeona dhahabu kwa mwanao kweli, angetangulia yeye kutoa nauli.

Mama aliuliza. Yule bwana akasema anakwenda kufuatilia makaratasi. Hajarudi mpaka leo ninapoandika. Ng'ombe wapo, na kijana bado anacheza, tena anacheza vizuri. Mimi siwezi kusema atafika wapi. Naweza kusema tu kwamba ada ya shule yake bado ipo.

Dada nilimpigia. Nikamwambia hizo nyota tatu zina maana kwamba watu waliomwona mtoto wamesema ni mzuri, na wengi wa wanaocheza ligi kubwa walianzia hapo au chini ya hapo. Lakini pia nikamwambia ukweli wa upande wa pili: wengi zaidi wa nyota tatu hawafiki. Kwa hiyo achague chuo ambacho angependa kusoma hata goti likigoma mwaka wa kwanza. Akakaa kimya, akasema, "Hilo hakuna aliyeniambia."

Kijana wangu nilimpa daftari. Kila Ijumaa anaandika vitu vitatu: danadana ngapi bila kudondosha, mguu wa kushoto amepiga pasi ngapi zikafika, mzunguko wa uwanja dakika ngapi. Na mara moja kila miezi mitatu tunampima kimo ukutani kwa kalamu. Anajifunza kuusoma mstari wake mwenyewe, aache kuhangaika na nukta ya mwalimu. Zile daluga alizifuata mwenyewe siku ya pili, zimeliwa kidogo na kuku kwenye kamba.

Mambo ya afya kwa watoto wanaocheza, msiyasahau:

Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale penye kanundu, na yuko kwenye umri wa kurefuka, mara nyingi ni mfupa unaokua unavutwa na misuli. Mpunguzie mazoezi, mwekee kitambaa cha baridi, msimchue kwa nguvu. Ila akichechemea, goti likivimba, akipata homa au maumivu ya kumwamsha usiku, mlete tumwone.

Alale vya kutosha. Watoto wa umri wa shule wanahitaji usingizi saa tisa na zaidi, na mwili unakua sana akiwa amelala.

Ale kabla ya mazoezi na baada. Uji wa ulezi, maharage, dagaa, yai, maziwa tuliyonayo. Hakuna haja ya dawa za kuongeza mwili zinazouzwa minadani. Hizo simameni nazo mbali.

Asichezeshwe mchezo mmoja mwaka mzima bila kupumzika. Mwacheni aruke kamba, akimbie, aogelee kama kuna mtu mzima. Khalil Mack alitoka kwenye basketi, Adongo alitoka kwenye raga.

Na ulimi wetu, mama zangu. Mtoto akichaguliwa tusimwambie "wewe ni nyota", asije akaogopa kukosea. Tumwambie "umefanya kazi, endelea". Asipochaguliwa tusimwambie mwalimu ana upendeleo, hata kama tunahisi hivyo. Tumuulize, "Kesho utafanya mazoezi ya nini?"

Niandikieni hapo chini: mwanao amewahi kupewa alama gani iliyomkaa kichwani, nzuri au mbaya, na umri gani? Nitasoma zote nikitoka zamu ya asubuhi. Alhamisi tunarudi kwenye homa za usiku kama nilivyoahidi, na mje na kadi za kliniki mkononi, tutazisoma pamoja mstari kwa mstari.